Bomba Lililopita Paa

Mwezi uliopita Ouma, kifungua mimba wa Jaduong' Okeyo, yaani Mzee Okeyo, wa Rangwe, alinipigia simu kunieleza kwamba babake amefariki na ameacha maagizo yanayonihusu. Nilikuwa karakanani kwangu hapa Migori, vijana wanagonga tangi la maji, ikabidi nitoke nje nimwombe arudie. Akarudia: mazishi ni Ijumaa, na baada ya mazishi kile kitu kilicho juu ya paa la mzee kisiguswe na mtu yeyote ila Nyar Kuria. Nyar Kuria ni mimi. Jina langu ni Robi, lakini upande ule wa Rangwe ni mtu mmoja tu aliyewahi kujisumbua kulitumia. Nilifika kule nikiwa binti wa Kikuria mwenye mkasi wa bati, na binti wa Kikuria nikabaki. Nikamuuliza Ouma kama ni hilo tu. Akasema kuna neno lingine, ila aliagizwa anipe nikiwa nimesimama pale pale chini ya hilo paa. Nikamwambia nitafika Jumatatu. Kisha nikarudi ndani na sikuweza kufanya kazi yoyote ya maana siku hiyo, kwa sababu Jaduong' Okeyo hakuwa amenisemesha kwa miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba jambo hilo halinisumbui.

Yote yalianza mwaka mmoja hivi kabla ya kimya hicho, kwa mzee mmoja kuingia karakana nilimokuwa nimeajiriwa, nyuma ya soko la Migori, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tulitengeneza mifereji ya mvua, sinia za mandazi na chimni za majiko ya shule, na mimi ndiye niliyepewa chimni zote, maana mafundi wengine hawakupenda kupanda juu. Mzee huyo aliitwa Barrack. Alikuwa mrefu, mwenye magoti mabovu, na alitandaza karatasi yake mezani akatuonyesha anachotaka: bomba ndani ya bomba. La ndani liwe la chuma kisichoshika kutu, la nje la bati nene, na kati yao pabaki nafasi ya kidole kimoja. Mwajiri wangu akamuuliza ni la shule gani. Akajibu ni la sebuleni kwake. Mwajiri akatazama jua lililokuwa likiwaka mlangoni. "Mzee, Rangwe na hii joto yote, unataka kuota moto?" Mzee Barrack akasema, "Mimi nataka bomba. Moto niko nayo tayari." Nililipenda jibu lile. Wenzangu walipoanza kucheka, nilisema nitalitengeneza mimi.

Moto wake ulikuwa ndani ya kreti la mbao katikati ya sebule. Alikuwa amekaa miaka ishirini na sita katika nchi ya baridi akifunga na kutengeneza meko ya gesi katika nyumba za watu, na alipostaafu alijisafirishia moja: sanduku la chuma la kujengewa ndani ya ukuta, lenye kioo mbele, na ndani yake vijiti vya udongo vilivyochongwa na kupakwa rangi hadi vikafanana na kuni. Bomba lilikuwa ghali kusafirisha, akaona Kenya kuna mabati na kuna mikono. Angeifanya kazi yote mwenyewe kama si magoti na moyo. Daktari wa Homa Bay alikuwa amemkataza ngazi. Kwa hiyo kwa wiki tano nililala katika chumba cha wageni cha nyumba ile, chumba kilichokuwa na kitanda, cherehani mbovu na magunia mawili ya karanga, na kila asubuhi niliamshwa na sauti za wanawake jikoni wakimtania Mama Dorka, mkewe mzee. Walizungumza Kijaluo, lakini walipotaka nami nisikie waligeuza Kiswahili. "Wengine wanaletewa friji," mmoja alisema. "Dorka ameletewa joto." Mama Dorka aliendelea kupepeta dagaa wake wa omena. "Si mngoje kwanza iwake," akasema.

Mimi mwenyewe nilidhani ni maringo ya mzee aliyekaa ng'ambo sana. Kisha alasiri moja, tukila viazi vitamu na chai, Mama Dorka akanieleza kisa chenyewe kana kwamba anaeleza bei ya sukari. Katika miaka ile yote alimfuata mumewe mara moja tu, akakaa naye miezi mitatu ya baridi kali katika chumba cha kupanga kilichokuwa na moto wa namna ile ukutani. "Huyu mzee haongei," alisema. "Barua zake zilikuwa mistari mitatu. Lakini mbele ya hiyo moto aliongea. Kila jioni. Vitu za utoto, vitu za mamake, mpaka mimi nikashangaa ni nani huyu niliolewa naye. Aliporudi hapa, akanyamaza tena. Miezi minne, anasoma gazeti tu. Nikamwambia, Baba, kama ni moto ilikuwa inakufungua mdomo, basi leta moto." Alimenya kiazi kingine. Tangu siku ile sikulicheka tena kreti lile, na nilianza kuikazania kazi ile kama mtu aliyekabidhiwa ndoa ya watu.

Mzee Barrack alinifundisha kwa kunivunja moyo. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaunganisha vipande vinne vya bomba la ndani, kila cha juu kimekifunika cha chini, jinsi tulivyofanya kwa majiko ya shule. Akavitazama, akasema nivitenganishe vyote. "Wewe unafikiria moshi, Robi. Moshi itaenda yenyewe. Fikiria maji." Akanieleza kwamba gesi ikiwaka hutoa mvuke, mvuke hupoa juu kule ukawa matone, na matone hurudi chini yakifuata ukuta wa bomba. Kipande cha juu kikiwa nje ya kile cha chini, maji hutokea kwenye kiungo na kuozesha nyumba. Basi cha juu kiingie ndani ya cha chini, kila mahali, hata pale pasipoonekana. Akanifundisha kuacha shubiri nzima kati ya bomba na mbao za paa. Akanifundisha kwamba bomba lazima lipite kilele cha paa kwa urefu wa mkono, kwa sababu upepo wa ziwani hupanda paa upande mmoja na kuangukia upande wa pili, na bomba fupi hurudishiwa moshi wake. Na siku moja, akipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kuangalia kama unavuja, alinieleza kwa nini anasumbuka hivyo. Moshi wa kuni hukutoa machozi, ukakimbia. Huu wa gesi ukirudi ndani haukuambii kitu, unakulaza tu. Aliwahi kuitwa nyumba moja asubuhi akawakuta mume na mke kwenye viti vyao, chai imepoa mbele yao, bomba lao limezibwa na kiota cha ndege. Kisha akaupaka mpira povu mara ya pili.

Jaduong' Okeyo, kaka mkubwa wa Barrack, alikuja kila siku saa nne kutukagua. Alikuwa mfupi, msafi, mwenye kofia ya kijivu, na aliketi juu ya lile kreti tupu akila karanga zetu. Nilimpenda. Aliniuliza habari za ng'ombe wa kwetu, akaniletea samaki wa Kendu Bay aliposafiri, akanifundisha kusema asante kwa Kijaluo bila kuchekwa. Jambo moja tu lilimkera, na alilirudia mpaka nikalijua kwa moyo: nyumba ya ndugu yake haikuwa na osuri. Osuri ni kijiti kinachochongoka juu ya kilele cha paa, alama kwamba mwenye nyumba ni mwanamume na yu hai. Zamani kila nyumba ya mwenye boma ilikuwa nacho; siku hizi za mabati wengi wanakiacha. Mzee Barrack, Msabato na mtu wa ng'ambo, alikiacha. "Nyumba bila osuri," Okeyo alikuwa akisema, "ni kama mtu ameingia kanisani na amesahau shati." Mzee Barrack alikuwa akigeuza ukurasa wa gazeti.

Siku ya kutoboa paa, Mzee Barrack alikuwa kliniki Homa Bay na Mama Dorka alikuwa amemsindikiza. Nilikuwa nimeshakata tundu kwenye bati, mawingu meusi yanapanda kutoka ziwani, na bomba liko tayari chini. Nilipoteremka kulichukua nikamkuta Jaduong' Okeyo ameishika ngazi kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira. "Nyar Kuria," akaniambia, "hii chuma inasimama juu ya nyumba ya ndugu yangu ni nini? Inapita kilele. Hakuna kitu inapita kilele ya nyumba ya mwanaume hivi hivi tu." Nikaanza kueleza habari ya upepo. Akatikisa kichwa. Hangeiachia ngazi mpaka nduguye arudi jioni. Mimi nilitazama wingu, nikafikiria dari mpya ya mbao iliyokuwa chini ya lile tundu, na nikasema sentensi iliyonigharimu kuliko zote nilizowahi kusema. "Jaduong', hii ndiyo osuri yake. Ni osuri ya kisasa." Alilitazama bomba, akatazama kilele. Kisha uso wake wote ukafunguka. "Kwa nini hamkusema?" akauliza. "Panda. Panda, nyathina, mimi nitakushikia ngazi." Aliniita mwanangu kwa lugha yake, na akanishikia. Mvua ilipoanza alikuwa bado ameishika, maji yanamtiririka kofiani, akinielekeza kama bomba limesimama wima.

Nilimweleza Mzee Barrack jioni ile nikidhani atacheka. Hakucheka. "Unajua osuri huvunjwa lini, Robi?" Nikasema sijui, kwetu hatuna. "Huvunjwa mwenyewe akikufa. Na mimi nitakufa kabla ya huyu mama. Sasa nenda umwambie ndugu yangu ukweli. Mimi nikimwambia, atasema ni uzungu wangu. Wewe ndiye uliweka hilo neno, wewe ndiye utalitoa." Nikaahidi kumwambia juma lile lile. Juma lile lile Okeyo aliniita kwake nikapime paa: naye alitaka osuri ya kisasa, isimame juu ya nyumba isiyo na moto wowote ndani zaidi ya taa ya sebuleni. Nilimtengenezea, na sikusema. Wazee wawili wa jirani wakaiona, nao wakaagiza. Ungewaona wamesimama barabarani wakilinganisha mabomba yao na la Barrack, la nani limenyooka zaidi. Nilijiambia nitamweleza Okeyo nikimaliza kazi za hawa wawili, kisha nikajiambia Barrack anaonekana mzima tu. Kila sababu ilionekana nzuri siku niliyoitoa.

Moto tuliuwasha Ijumaa moja kabla ya jua kuzama, kwa sababu baada ya hapo ingekuwa Sabato. Kwanza niliwasha dawa ya mbu, ile ya mviringo, nikaishika mdomoni pa meko tukatazama moshi wake. Ulikwenda ndani moja kwa moja, ukapanda, kama uzi unaovutwa. Mzee Barrack akaniambia nirudie mara tatu, mlango wazi, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Kisha akageuza kitufe, na zile kuni za udongo zikazingirwa na ndimi za moto. Nje palikuwa na joto la kutosha kukausha mtama. Sisi wanne tuliketi pale tukitokwa jasho, na Jaduong' Okeyo, mtu wa heshima, akafungua vifungo viwili vya shati. Mama Dorka akauliza kama kesho, siku ya Sabato, kugeuza kitufe kutahesabiwa kuwasha moto. "Hiyo si kuwasha," Mzee Barrack akasema, "hiyo ni kugeuza." Kisha, bila mtu kumuuliza, akaanza kutusimulia jinsi yeye na Okeyo walivyopotea na mbuzi wa mama yao wakiwa wadogo. Mama Dorka alimtazama mwanzo hadi mwisho. Nilipokwenda kulala walikuwa bado wanazungumza, na niliisikia sauti ya mzee kupitia ukuta, nzito na taratibu. Nilikuwa na furaha kubwa, naikumbuka vizuri, furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Mzee Barrack alifariki miezi saba baadaye, mvua ndefu zikiwa zimeshika. Alizikwa Jumapili. Nilihudhuria, nikasimama nyuma, nikalia, kisha nikarudi Migori jioni hiyo kwa sababu tulikuwa na birika za kunyweshea ng'ombe za kupeleka soko la Ogwedhi. Naweza kusema nilisahau. Ukweli ni kwamba nilimwona Okeyo pale kaburini na sikuwa na ujasiri. Alhamisi nikiwa Ogwedhi kati ya ng'ombe na wachuuzi, simu ikalia. Alikuwa yeye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetimiza wajibu. "Nyar Kuria, tumefanya. Vijana walipanda juzi wakakata na msumeno. Haikuwa rahisi, uliiweka vizuri sana. Tumefunga shimo na nailoni na mbao, mvua haiwezi ingia. Ukipata nafasi, kuja uweke bati mzuri." Nikamuuliza kama Mama anawasha moto. "Kila jioni," akasema. "Si ndiyo kitu ndugu yangu alimwachia." Nikamwambia akamzuie sasa hivi. Akasema yeye yuko mjini Homa Bay kwenye mambo ya cheti cha kifo, atamwambia akirudi. Simu ya Mama Dorka ilikuwa imezimwa. Niliacha birika pale sokoni na mtu nisiyemjua, nikachukua bodaboda.

Njia ya mwongo ni fupi, husema Waswahili, lakini ile ya kutoka Ogwedhi hadi Rangwe kwenye matope ilinila alasiri nzima. Nilifika jua limekwisha kuelekea kuzama. Nilizunguka kwanza nyuma ya nyumba, nikafunga mtungi wa gesi, kisha nikaingia. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mama Dorka alikuwa kwenye kiti chake mbele ya meko, kichwa kimelala begani, na kwenye mkeka palikuwa na wifi yake mmoja aliyekuja kumliwaza, amejikunja, amejitapikia kidogo. Walikuwa wameumwa vichwa tangu jana. Walidhani ni maharagwe ya matanga. Juu ya mdomo wa meko, ukutani, palikuwa na doa la kijivu ambalo halikuwepo nilipoondoka. Nilifungua kila kilichofunguka, nikawaburuta hadi barazani, na Mama Dorka alipopata hewa alifumbua macho, akaona kioo kimekuwa cheusi. "Kwa nini umemzima?" akaniuliza. Nikapiga yowe kuita msaada. Majirani walitusaidia kuwafikisha kituo cha afya, wakapona wote wawili na kurudi nyumbani alfajiri, na mhudumu wa pale akasema saa moja zaidi angekuwa anatueleza habari nyingine.

Asubuhi yake Jaduong' Okeyo alikuja na wazee wawili. Niliwasha dawa ya mbu mbele yao, nikaishika pale pale nilipoishika ile Ijumaa. Moshi ulisita, ukageuka, ukatujia usoni. Okeyo alielewa upesi. Hakuwa mjinga hata kidogo. Nikasema nitarudisha bomba siku ile ile. Hapo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Osuri hairudishwi hivyo. Ikirudi juu ya hii nyumba, maana yake kuna mwanaume ameingia. Dorka akubali jater, hata wa jina tu, na kesho tutairudisha. Bila hivyo ni chira kwa watoto wetu." Jater ni mwanamume wa ukoo anayemrithi mjane; chira ni laana ya kuvunja miiko. Mama Dorka, akiwa amejifunga blanketi, akamjibu kwa heshima. "Shemeji, mimi Msabato. Sitaki jater. Na moto nitawasha. Nitafungua madirisha, lakini nitawasha." Nilijua madirisha yatafunguliwa juma moja, kisha usiku wa mvua yatafungwa. Nilikuwa naiona chai iliyopoa ya wale watu wa ng'ambo. Nikasema, "Jaduong', haikuwa osuri. Ni bomba la moshi, basi. Nilikudanganya siku ile kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mzee aliniambia nikwambie, na mimi sikukwambia."

Kuku aliingia, akatoka. Wale wazee wawili, ambao nao walikuwa na mabomba yangu juu ya nyumba zao, walitazama sakafu. Kisha Okeyo akauliza, polepole, "Kwa hivyo siku ile, mimi nimesimama hapo nje na vijana wa ndugu yangu, tulivunja nini?" Mama Dorka ndiye aliyejibu. "Mlivunja bomba langu, Shemeji. Moto ilikuwa yangu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliiomba."

Okeyo alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama uani akilitazama paa la ndugu yake, mikono nyuma. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alizungumza na wenzake, si nami, lakini alizungumza Kiswahili ili nisikie. "Ile iko na moto chini ni bomba, na bomba ni ya mama wa nyumba, kama jikoni. Irudishwe. Ile haina kitu chini ni osuri. Yangu haina kitu chini. Itasimama, na nikienda itavunjwa." Wale wazee wakapumua. Nimehudhuria kesi nyingi tangu siku hiyo, mahakamani na barazani, na sijasikia hukumu iliyonyooka kama ile. Kisha akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa matusi, nadhani ningeyakaribisha. "Nyar Kuria," akasema, "mimi nilikushikia ngazi." Akavaa kofia yake akaenda.

Nililirudisha bomba mchana huo, na ngazi ilishikwa na Mama Dorka mwenyewe, mjane wa siku chache, akiwa bado anayumbayumba. Baada ya hapo nilikwenda Rangwe kila mwaka kusafisha lile bomba, na kila nilipokutana na Jaduong' Okeyo njiani alipokea salamu yangu kwa kuinua kofia na kupita. Hakunisema vibaya kwa mtu. Hakunizuia kazi. Alininyima maneno tu. Nimewaajiri mafundi wengi, na wanalalamika kwamba nawaambia wateja habari mbaya hata wasipouliza: bati lako bovu, paa lako litavuja, sijui, siwezi. Wanadhani nimezaliwa hivyo.

Jumatatu niliyoahidi nilifika. Boma lilikuwa bado na viti vya kukodi na majivu ya sufuria kubwa. Mama Dorka alikuwepo, amepita miaka themanini, ameshika fimbo, akanishika mkono asiuachie. Ouma alinipeleka hadi ukutani ngazi ilipoegemezwa, na hapo akanipa neno la babake. "Alisema hivi: mwambieni Nyar Kuria asiogope, kutakuwa na mtu wa kushika ngazi." Nilimwomba arudie, ingawa safari hii hapakuwa na kelele za nyundo. Nilijifanya natafuta msumeno mkobani mpaka macho yakakauka.

Nilipanda. Bomba la Okeyo lilikuwa limesimama vile vile nilivyoliacha, bati limepauka, na nilipolifungua nikakuta kila kipande cha juu kimeingia ndani ya cha chini, kama nilivyofundishwa, ingawa chini yake hapakuwahi kuwaka chochote. Nilikuwa nimelitengeneza kwa uangalifu wote wa mtu anayedanganya. Kutoka pale niliiona nyumba ya Barrack ng'ambo ya ua, na juu ya bomba lake hewa ilikuwa ikitetemeka kidogo. Mama Dorka alikuwa ametoka akaacha moto wake unawaka, asubuhi, kwenye jua lile. Nilikata kipande cha mwisho, nikafunika tundu kwa bati jipya, nikalipiga misumari. Kisha nikaita kwamba ninashuka.

"Shuka," Ouma akajibu kutoka chini. "Tumeshika."